Masomo ya Mtandaoni: Je, Yatamfaa Aliyerudishwa Nyumbani?

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala uliotia fora. Hoja ilikuwa kwamba shule ya mtandaoni ni bora kuliko shule ya bweni. Ukumbi ulijaa pomoni. Watetezi wakatuambia kuwa mtandao utatuondolea kengele ya alfajiri, maji baridi na maharagwe yasiyoiva. Wapinzani wakajibu kuwa mwanafunzi akiachiwa simu atatazama kandanda na densi mpaka betri izime. Makofi yakapigwa huku na huku, kisha tukatawanyika kwenda kulala.

Mimi nilitoka mle na dukuduku moyoni. Kwa muda wote ule hapakuwa na msemaji, wa kulia wala wa kushoto, aliyetueleza shule ya mtandaoni hufanyaje kazi. Tena hapakuwa na aliyewataja wale wenzetu ambao viti vyao vilikuwa vitupu usiku ule kwa kuwa wamerudishwa nyumbani kutafuta karo. Je, kama kuna mtu anayehitaji masomo ya mbali, si ndiye huyo kwanza?

Msimamo wangu nautoa mapema, nisije nikashutumiwa kwamba nazunguka mbuyu. Nasema masomo ya mtandaoni yanaweza kufaa, na shule yetu inaweza kuyaanza hata kesho. Lakini hayaanzi na tarakilishi. Yanaanza na mtu mmoja anayemngoja mwanafunzi upande wa pili na kumwuliza, "Umefika wapi?" Asipokuwapo huyo, hata ungepewa kipakatalishi cha dhahabu, utakuwa unatazama picha tu.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Shule ya mtandaoni ni ile ambayo mwalimu na mwanafunzi hawamo katika chumba kimoja, na kinachowaunganisha ni mawimbi, yawe ya intaneti, ya simu au hata ya redio. Ina njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya papo kwa papo. Saa mbili ikigonga mwalimu anaketi mbele ya tarakilishi yake, nanyi kila mmoja mbele ya yake. Mnaonana nyuso katika vijidirisha, anaita majina, anafundisha, na mwenye swali anabonyeza kitufe badala ya kuinua mkono. Njia ya pili ni ya kujisomea kwa wakati wako. Somo limekwisha kuandikwa au kurekodiwa, nawe unalifungua saa unayoweza, unafanya zoezi, unalituma, mwalimu analisahihisha na kukurudishia.

Njia ya kwanza inataka intaneti yenye nguvu, na inawataka wote wawe huru saa moja. Ya pili haihitaji mengi, ila inahitaji kitu kisichouzwa dukani, nacho ni nidhamu ya kusoma bila kusukumwa. Na tuseme kweli, bwana, ni wangapi wetu wanaofungua kitabu wakati wa maandalio ya usiku kabla ya kusikia viatu vya mwalimu wa zamu? Ndiyo maana shule nyingi za aina hii huchanganya njia zote mbili.

Watu wengi wanadhani mambo haya yameletwa na intaneti. La hasha! Yalianza zamani. Tazama Alice Springs, mji ulio katikati ya Australia. Huko kuna mashamba ya ng'ombe makubwa ajabu, hata jirani wa karibu anaweza kuwa umbali wa saa nzima au zaidi kwa gari. Mtoto wa huko angeendaje shule kwa miguu? Mwishoni mwa miaka ya 1920, fundi mmoja aitwaye Alfred Traeger alibuni redio ya mawasiliano iliyopata umeme kwa kukanyagwa pedali kama baiskeli, ili watu wa mashambani waweze kumwita daktari aje kwa ndege. Baadaye mama mmoja mwalimu, Adelaide Miethke, akaona kwamba mawimbi yanayomwita daktari yanaweza pia kumwita mwalimu. Mwaka 1951 ikazinduliwa Shule ya Hewani ya Alice Springs.

Mwanzoni mwalimu alisema peke yake, watoto wakasikiliza. Haikuchukua muda ikaonekana hiyo haitoshi, ikaongezwa nafasi ya maswali na majibu. Kazi za kuandika zilikwenda na kurudi kwa posta. Siku hizi redio zimeondoka, na watoto wanawaona walimu wao kwa video kupitia setilaiti. Shule hiyo inahudumia eneo la kiasi cha kilomita za mraba milioni 1.3, yaani zaidi ya mara mbili ya Kenya yetu nzima.

Lakini sikiliza sasa jambo lililonivutia. Nyumbani kila mtoto ana mtu mzima, mara nyingi mama yake mzazi, anayeketi naye wakati wa masomo. Walimu hufunga safari kwenda kumtembelea mwanafunzi kwao shambani. Na kila mwaka watoto hukusanywa mjini ili wasome, wacheze na kuonana ana kwa ana. Kumbe hata walio na setilaiti wamekataa kumwachia mtoto mtambo peke yake!

Tuhamie Marekani. Jimbo la Florida lilianzisha mwaka 1997 shule ya umma ya mtandaoni iitwayo Florida Virtual School. Mwanafunzi huchagua somo na kulifuata kwa mwendo wake. Ungedhani kila kitu kinafanywa na mashine. Wapi! Mwalimu humpigia simu mwanafunzi, humpigia na mzazi. Kabla ya kuvuka sehemu fulani za kozi, ni lazima mwanafunzi azungumze na mwalimu kwa mdomo na kueleza alichojifunza. Hapo ndipo anaponaswa yule aliyefanyiwa kazi na kaka yake. Aidha, fedha ambazo jimbo huipa shule hiyo zimefungamanishwa na wanafunzi wanaomaliza kozi, si wanaojiandikisha tu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi akipotea njiani, shule nayo inapata hasara. Kwa hivyo kuna mtu ofisini ambaye ana sababu ya kumtafuta.

Shule hizi mbili zinatofautiana kwa mambo mengi, ila zinakutana hapo. Katika kila moja kuna mtu anayejua jina la mwanafunzi na ambaye atashtuka akinyamaza.

Sasa turudi nyumbani, wala tusijidharau. Wazazi na nyanya zetu walisikiliza vipindi vya shule katika Sauti ya Kenya, kabla haijabadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Katika miaka ya 1980 kulifanywa hapa nchini mradi wa kuwafunza Kiingereza watoto wa madarasa ya chini kwa redio. Redio iliuliza, ikanyamaza kidogo, na darasa zima likajibu kwa sauti. Mwalimu alikuwa amesimama papo hapo, akiona ni nani anayefungua kinywa na ni nani anayesinzia.

Kisha ikaja korona. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote. Mimi nilikuwa darasa la tano. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha masomo kupitia redio za KBC, televisheni na mtandao wa YouTube. Mwezi Julai, maputo makubwa ya kampuni ya Loon yalianza kurusha intaneti kutoka angani juu ya sehemu kadhaa za nchi yetu. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikafungwa, na maputo yakaisha. Darasa la nne, la nane na Kidato cha Nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Sisi wengine tulirudi tarehe 4 Januari 2021. Hesabu mwenyewe: miezi tisa na ushei!

Katika mwezi huo wa Julai, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 ungehesabiwa kuwa umepotea. Hebu tutafakari hapo kidogo. Masomo yalikuwa hewani, redio ikifundisha, runinga ikifundisha, mtandao ukifundisha, na bado mwaka ukahesabiwa kuwa umepotea. Kwa nini?

Jibu la kwanza ni vifaa, na jibu hilo ni la kweli. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa nyumba zenye redio ya kawaida inayofanya kazi zilikuwa asilimia 56.9, zenye televisheni asilimia 40.7, na zenye intaneti asilimia 17.9. Nyumba zenye tarakilishi, iwe ya mezani, kipakatalishi au kibao, zilikuwa asilimia 8.8 tu. Yaani katika nyumba mia moja, hazifiki hata tisa. Sasa ukimwambia mtoto wa nyumba ile ya kumi aingie mtandaoni, aingie kwa mlango upi?

Lakini kuna jibu la pili ambalo halizungumzwi sana, nami nililiona kwa macho yangu.

Dada yangu wakati huo alikuwa Kidato cha Pili. Shule yake ilifungua kundi la WhatsApp, na walimu wakawa wanapiga picha kurasa za vitabu na kuzituma. Nyumbani simu ya kupokea picha hizo ilikuwa moja, ya baba, na baba ni mwendeshaji wa bodaboda. Simu ndiyo kazi yake. Angeiacha nyumbani abiria wangempigia nani? Alirudi nayo saa mbili usiku ikiwa na chaji kiduchu. Dada aliifungua akakuta jumbe themanini na kitu. Picha za kurasa zilikuwa ishirini hivi. Zilizobaki zilikuwa "Asante mwalimu", "Hii ni ya lini?" na "Nani ana jibu la swali la tatu?" Alinakili alichoweza mpaka simu ikazima. Alifanya hivyo Aprili yote na Mei yote. Hakuna siku aliyoulizwa amefika wapi. Kufikia Juni hakuwa akiiomba tena hiyo simu, na hakuna aliyegundua kwamba ameacha.

Mimi nilipelekwa kwa nyanya, ambaye ana redio nzuri. Kila siku niliketi nayo. Mtangazaji alisema "andika" kabla sijashika kalamu, na akasema "vizuri sana" kabla sijajibu. Nyanya alikuwa akicheka na kumwuliza, "Vizuri sana nini, na mtoto hajasema neno?" Sikatai kwamba nilipata mambo mawili matatu katika vipindi vile. Vilitayarishwa vyema na watu wanaojua kazi yao. Lakini redio ile haikuwa na njia ya kujua kama niko pale au nimekwenda kuchunga mbuzi.

Kisha Ijumaa moja jioni simu ya nyanya ikalia. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili. "Habari yako mama, hebu nipe huyo mwanafunzi wangu." Nikashika simu mikono ikitetemeka. Akanipa kichwa cha insha, akaniambia, "Ijumaa ijayo saa kumi na moja utanisomea, mimi nasikiliza." Basi! Wiki ile nzima insha hiyo ilikuwa kichwani. Niliiandika mara tatu. Ijumaa ilipofika nikamsomea, akanikatiza hapa na pale: "Hapo umesema nini? Rudia. Hiyo methali inaingiaje hapo?" Simu yenyewe haikuchukua dakika kumi. Alipiga hivyo Ijumaa nyingi, kwangu na kwa wenzangu, kwa muda wa maongezi alioununua kwa pesa zake.

Ile ilikuwa simu ya kawaida, ya vitufe, isiyo na intaneti hata tone. Lakini kwa maoni yangu, shule ya mtandaoni niliyosoma mwaka ule ni ile. Dada alikuwa na WhatsApp na hakuwa na shule. Mimi nilikuwa na kadudu ka vitufe na nilikuwa na shule. Tofauti yetu ilikuwa mtu aliyengoja Ijumaa.

Mtu anaweza kusema korona imepita, kwa nini nawasumbua na hadithi za kale? Nasema hivi kwa sababu shule hazifungwi na korona pekee. Mwaka 2024 muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Mafuriko yakaja, ufunguzi ukaahirishwa mara ya kwanza, ukaahirishwa mara ya pili, na tukarudi tarehe 13 Mei. Wiki mbili zilikwenda na maji. Miaka minne ilikuwa imepita tangu 2020, na tungetarajia kuwa tumejifunza. Mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza hapa hapa, na katika wiki hizo mbili sikusikia sauti ya mwalimu hata mmoja. Sisemi haya kwa kulaumu. Nasema kwamba hapakuwa na mpango, na jambo lisilo na mpango humtegemea mwenye moyo wa pekee kama yule mwalimu wangu wa darasa la tano. Wenye moyo kama huo wapo, lakini si haki kuwaachia mzigo wote wakaununulie na muda wa maongezi.

Na hata mvua isiponyesha, kuna shule inayofungwa kila muhula bila kutangazwa redioni. Ni ile shule ya mwanafunzi mmoja mmoja. Majina yanasomwa gwarideni, wenzetu wanachukua mabegi, na lango linafungwa nyuma yao. Mwingine hurudi baada ya siku tatu. Mwingine hurudi baada ya wiki tatu, akakuta Hisabati imevuka kutoka logi hadi vekta, Kemia imevuka moli, na fasihi imemaliza riwaya nusu. Anaomba madaftari kwa wenzake, nao wanamwambia, "Ngoja nimalize kwanza." Mtihani unapokuja anashika mkia, na watu wanasema ni mvivu. Jamani! Huyo ndiye mwanafunzi ambaye watetezi na wapinzani wa mjadala wetu walimsahau.

Simlaumu Mwalimu Mkuu wetu. Anayetuuzia mahindi na maharagwe hapokei salamu, anapokea pesa. Karo ni lazima ilipwe. Ninachoomba ni kwamba yule anayekwenda kuitafuta asikatwe masomo kana kwamba amefariki dunia.

Pendekezo langu ni jepesi. Mosi, anayetoka langoni atoke na karatasi moja ya kila somo inayosema wenzake watasoma nini katika wiki mbili zijazo, kurasa zipi, na mazoezi yapi. Walimu wetu wanazo ratiba zao za kazi tayari, kwa hivyo ni kunakili tu. Pili, aache ofisini nambari ya simu ya mtu mzima atakayekuwa naye nyumbani, awe mzazi, shangazi au jirani, na mtu huyo aambiwe siku na saa ya kupigiwa. Tatu, shule impigie mara mbili kwa wiki, dakika kumi kila mara. Si kumwuliza karo iko wapi, maana hilo analijua. Ni kumwuliza amefika wapi, na kumfanya aeleze swali moja kwa mdomo wake. Nne, jirani yake wa dawati awe ndiye mnakili wake, na penye simu ya kisasa nyumbani ofisi itume picha za madaftari. Tano, akirudi apewe zoezi fupi la kuonyesha alikofika, ili mwalimu ajue pa kumshikia mkono.

Najua walimu wetu wapendwa wataniambia kwamba wamechoka, na ni kweli wamechoka. Basi tupige hesabu. Tuseme waliotoka ni kumi. Simu mbili kwa wiki, dakika kumi kila moja, ni dakika 200. Wakigawana walimu watano, kila mmoja ana dakika 40, yaani kipindi kimoja tu kwa wiki. Na kazi ya kunakili madaftari sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuko tayari kuianza kwa somo letu, bila kungoja kusukumwa.

Wapo watakaosema, "Mkiwafundisha wakiwa nyumbani, wazazi hawatalipa karo." Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Lakini mzazi wa mwanafunzi anayekaa nyumbani wiki tatu si kwamba ana pesa na amezikalia. Angekuwa nazo angemrudisha siku ya pili. Dakika ishirini za simu kwa wiki hazitamfanya mzazi aone kwamba shule haihitajiki. Deni halifutwi na swali la Kemia. Bali ukitaka mzazi akate tamaa ya kuuza mbuzi wa mwisho, mwonyeshe ripoti ya mtoto aliyeshika mkia.

Wengine watasema simu ni shetani shuleni. Nami simtetei mwanafunzi yeyote aingie na simu bwenini. Kanuni ya shule ni kanuni. Simu ninayoizungumzia ni mbili tu, ya ofisi na ya mtu mzima aliye nyumbani. Hakuna hata moja itakayofichwa chini ya godoro.

Nanyi wenzangu mnaotamani sote tusomee mtandaoni ili tuepuke kengele, poleni. Karatasi ya tatu ya Kemia katika KCSE inataka mkono wako ushike chupa, upime mmumunyo, uone rangi ikibadilika tone kwa tone. Hilo halitazamwi kwenye kioo likatosha. Wala kwaya haiimbwi kila mtu jikoni kwao. Isitoshe, kuna mwenzako ambaye mahali pekee penye meza, taa na kimya cha kusomea ni hapa shuleni. Kwetu sisi, masomo ya mbali yawe daraja la kumvusha aliyekwama ng'ambo, mto ukipungua arudi tuwe pamoja.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ni methali ya kweli katika kugawana nyama na mirathi. Katika elimu nawaomba tuikatae. Muhula ujao majina yatasomwa tena gwarideni, na kuna atakayechukua begi lake na kutoka. Mwalimu wa zamu, kabla hajafika langoni, tafadhali mwulize nambari ya simu ya kwao.